Nani Ataanua Sufi?

Asubuhi, karakana ya magodoro huwa nyeupe. Si kwa sababu ya jua. Ni kwa sababu ya sufi, pamba nyepesi ya mti wa msufi. Mtu akifungua gunia moja tu, nyuzi laini hupanda hewani. Huzunguka taratibu, kisha hutua juu ya nywele, juu ya kope, juu ya mabega. Wageni hupiga chafya. Wenyeji hujifunga kitambaa puani, na baada ya muda husahau kwamba wamekivaa.

Karakana hiyo ilikuwa ya mama mmoja ambaye watu walimwita Mama Usingizi. Alipata jina hilo kwa sababu mbili. Kwanza, magodoro yake yalilaza watu. Wazee wenye mgongo mbaya, watoto wenye kulialia, wote walilala. Pili, alilala yeye mwenyewe. Kila alasiri, godoro jipya likikamilika, alivua viatu, akajinyoosha juu yake katikati ya karakana, akafumba macho.

"Napima," alisema.

Na kweli alipima. Donge dogo la sufi likimgusa mgongoni, aliamka akaonyesha lilipo. Lakini godoro likiwa zuri, alilala hasa, mdomo wazi kidogo. Watu wake waliendelea na kazi pande zote, wakishusha sauti.

Sasa Mama Usingizi alikuwa amelala usingizi ule usio na kuamka. Karakana ilibaki mikononi mwa binti yake wa mwisho. Kwa kuwa alikuwa kitinda mimba, tangu utotoni watu walimwita Kitinda.

Kitinda alirudi nyumbani kwa mazishi, na baada ya mazishi hakuondoka. Kabla ya hapo alikuwa msimamizi katika kiwanda cha viatu. Ilikuwa kazi kubwa, yenye geti, kengele na mlinzi wa kupekua mikoba. Meneja wa kiwanda alimfundisha jambo moja, akalirudia kila mara: "Mfanyakazi ni kama maji. Hufuata mteremko. Usipomwekea ukuta, atateremka."

Kitinda alilishika neno hilo kama mtu anavyoshika ufunguo.

Kwa hiyo alipoingia karakanani, alijenga kuta. Alitoa kiti cha mama yake dirishani, akakiweka juu ya jukwaa la mbao mbele ya mlango, ili aone mikono yote. Alipiga marufuku mazungumzo. Alisema mtu asiondoke mahali pake bila ruhusa. Jioni alisimama mlangoni akapekua mifuko, asije mtu akatoka na sufi.

Wafanyakazi walikuwa watatu. Mkubwa wao alikuwa mzee mmoja aliyeshona magodoro kwa sindano ndefu iitwayo shazia, hivyo wakamwita Fundi Shazia. Ndiye aliyembeba Kitinda mgongoni alipokuwa mdogo. Wa pili alikuwa Mama Pacha, mama wa watoto mapacha. Alichambua sufi na kutoa mbegu, vidole vyake vikienda mbio kama vya mtu anayesuka. Wa tatu aliitwa Kasuku. Huyo alipiga sufi kwa fimbo ili ivimbe. Tena alipiga domo zaidi ya sufi.

Siku ya kwanza ya utawala mpya, Kasuku aliinua mkono.

"Dada Kitinda, naomba..."

"Niite Bosi."

"Haya, Bosi. Naomba kuuliza. Kupiga chafya ni mazungumzo?"

Mama Pacha aliinamisha kichwa kuficha kicheko. Kitinda hakucheka.

"Kasuku, umezoea kubembelezwa. Hayo yamekwisha."

"Yamekwisha kweli," alisema Kasuku, na tangu siku hiyo hakupiga domo tena.

Kulikuwa na desturi moja ya zamani ambayo Kitinda aliiondoa pia. Adui wa sufi ni maji. Ikijazwa ndani ya godoro ikiwa na unyevu, hushikana madonge, hunuka, huoza. Kwa hiyo, kabla ya kujaza, mtu yeyote alikuwa na haki ya kuchota sufi kidogo kwa vidole na kuirusha juu. Ikielea, kazi iliendelea. Ikianguka, aliyeirusha aliita, "Imelala!" Hapo mikono yote ilisimama, hata ya Mama Usingizi mwenyewe. Hakuna aliyeulizwa, "Wewe nani?" Sufi ilirudishwa juani, basi.

Mara ya kwanza Kitinda aliposikia wito huo akiwa Bosi, ilikuwa alasiri ya joto. Mama Pacha ndiye aliyeita.

"Imelala!"

Fundi Shazia aliweka sindano chini. Kasuku akaweka fimbo.

"Nani amesema msimame?" Kitinda aliuliza kutoka juu ya jukwaa.

"Sufi, Bosi," alijibu Mama Pacha. "Haijakauka hii."

"Au ninyi ndio mmechoka? Jua lote hili, sufi isikauke? Mnatafuta pa kupumzikia. Kuanzia leo, kusimamisha kazi ni kazi yangu."

Mama Pacha aliitazama ile sufi sakafuni. Kisha akaketi, akaendelea kuchambua. Fundi Shazia alitaka kusema kitu, lakini kilimezwa na kitambaa cha puani.

Karakana ikawa kimya. Kitinda alidhani kimya hicho ni utulivu.

Jambo moja tu lilimsumbua. Hakuwa analala. Tangu mazishi, usingizi ulikuja hadi mlangoni kwake kama mgeni mwenye haya, ukageuka ukaenda zake. Mchana, juu ya kiti chake cha jukwaani, macho yalimlemea. Sufi iliposimama hewani, aliona vitu. Mara moja alimwona mama yake amelala juu ya weupe ule usio na sakafu. Mama alichota sufi kidogo, akairusha, nayo ikapanda, ikapanda, isirudi. Kitinda akamwuliza, "Mama, unawezaje kulala mbele ya watu hawa?" Mama aligeuka upande wa pili tu, kama mtu anayempa mwenzake nafasi kitandani.

Kitinda alishtuka. Wafanyakazi wote walikuwa wanamtazama. Alikohoa, akakaa vizuri.

*

Mteja mkubwa wa karakana alikuwa hospitali ndogo ya wazazi, mtaa wa pili. Walikuwa wanajenga wodi mpya, na waliagiza magodoro ya wodi nzima. Bila kazi hiyo karakana isingefika mwisho wa mwaka. Kitinda alilijua hilo, na kila mmoja karakanani alilijua. Hospitali iliomba magodoro ya kwanza yaje mapema, wayajaribu. Yakiwafaa, wachukue mengine. Yasipowafaa, wanunue ya sponji dukani.

Siku moja Kitinda alikwenda kuchagua kitambaa. Nyuma, uani, sufi yote ya kazi ilikuwa imeanikwa juu ya maturubai, nyeupe kama mawingu yaliyoshuka kupumzika.

Mawingu ya kweli yalikuja saa hiyo hiyo. Yalikuja bila ngurumo. Kitinda alipokuwa bado dukani, tone la kwanza liligonga bati. Alitupa kitambaa begani, akakimbia. Alikimbia akijiambia, "Wameshaanua. Bila shaka wameshaanua."

Aliingia uani akiwa amelowa. Sufi ilikuwa pale pale. Haikuwa tena mawingu. Ilikuwa kama kondoo waliokufa.

Akaingia ndani. Fundi Shazia alikuwa mahali pake. Mama Pacha mahali pake. Kasuku mahali pake, fimbo magotini. Wote walikuwa wanatazama mvua kupitia mlango wa nyuma.

"Mbona hamkuanua?" Sauti yake ilipasuka. "Mmeona mvua! Hamna macho?"

Walimgeukia, kisha wakaitazama tena mvua.

"Kasuku!"

"Hatukuambiwa, Bosi."

"Mvua nayo mpaka uambiwe?"

"Umesema mtu asitoke mahali pake bila ruhusa," alisema Kasuku taratibu. Hakuwa anafanya mzaha, na hilo ndilo lililotisha. "Ruhusa ilikuwa dukani."

Kitinda aliwatazama mmoja mmoja. Moyoni aliona ushahidi umetimia. Alijiambia, meneja alisema kweli. Hawa watu, usipowasukuma, hawajali hata mali ikiharibika. Mama alidanganywa maisha yake yote.

Waliianika sufi tena. Jua lilikuwa la kusuasua. Siku ya kupeleka magodoro ilikaribia, na Kitinda akatoa amri: jazeni.

Mama Pacha, kwa mazoea tu, alichota sufi kidogo akairusha. Haikuelea. Ilishuka moja kwa moja. Aliidaka kabla haijafika chini, akaifumba ndani ya kiganja. Akainua macho kuelekea kwenye jukwaa. Kitinda alikuwa anamtazama.

"Vipi?" aliuliza Kitinda.

"Hamna kitu, Bosi."

Akajaza. Fundi Shazia akashona. Magodoro yakaenda.

*

Mkunga Mkuu wa hospitali alikuwa mwanamke mnene wa taratibu, mwenye viatu vya kitambaa visivyotoa sauti. Alikuwa rafiki wa Mama Usingizi tangu ujana wao. Alifika asubuhi moja nyuma ya mkokoteni, na juu ya mkokoteni kulikuwa na godoro.

"Shikamoo, mama," alisema Kitinda akishuka jukwaani.

"Marahaba, mwanangu. Lishusheni hapo kati." Godoro likawekwa sakafuni. "Sasa vua viatu ulale."

"Mimi?"

"Mama yako alikuwa analala. Lala."

Kitinda alilala. Kwanza alihisi ubaridi. Kisha madonge, moja begani, jingine kiunoni. Kisha harufu, kama ya chumba kilichofungwa msimu mzima. Alitaka kuinuka, lakini Mkunga Mkuu alimwekea mkono kifuani, bila nguvu.

"Ngoja kidogo. Hapo ndipo ninapowalaza akina mama. Na hiyo harufu ndiyo harufu ya kwanza ya dunia kwa mtoto."

Kitinda alifumba macho kwa aibu. Juu yake sufi ilikuwa inaelea, na kwa kitambo alisahau yuko wapi. Mahali hapo hapo mama yake alilala alasiri zote zile. Aliwaza, mama alisikia nini akiwa hapa? Alisikia minong'ono, vicheko vilivyozuiliwa, nyayo za watu wanaopita kwa vidole ili wasimwamshe. Sasa Kitinda hakusikia kitu.

"Yatakuwa ya sponji?" aliuliza.

"Wodi inafunguliwa mwezi ujao. Kabla ya hapo nahitaji magodoro makavu. Nisipoyapata kwako, ndiyo, mwanangu, nitakwenda dukani. Sina namna." Akavuta pumzi. "Lakini niambie. Nani alijua kwamba sufi ni mbichi?"

"Hakuna aliyejua."

"Katika karakana ya mama yako? Fundi Shazia asijue sufi mbichi? Twende nje."

Walikaa uani juu ya magunia. Jua lilikuwa limetoka, na uani hapakuwa na kitu isipokuwa maturubai matupu.

Kitinda alieleza yote. Alieleza mvua, amri, kuta. Mwisho akasema kwa uchungu, "Mama Mkunga, hawa watu ni wavivu. Niliwaona kwa macho yangu wakitazama mvua."

"Umeona kweli. Lakini umeona mwisho wa hadithi ukadhani ni mwanzo." Mkunga Mkuu alivua kiatu kimoja, akakung'uta sufi. "Sikiliza. Nimefanya kazi chini ya wakubwa wawili. Wa kwanza aliamini wauguzi ni watu wa kusinzia. Aliamini mtu hapendi kazi, ila hulazimishwa. Basi alitukagua, alitufokea, alituamulia kila kitu. Tukafanya tulichoambiwa, na zaidi ya hapo hatukufanya. Dripu ikiisha kwenye kitanda kisicho changu, napita. Naogopa kuulizwa, nani amekutuma?"

"Mlikuwa wavivu?"

"Ndicho alichosema yeye! Alisema, 'Mnaona? Nisipokuwepo hakuna kinachofanyika.' Alipanda mbaazi, akashangaa kuvuna mbaazi." Alicheka kidogo. "Alipoondoka akaja wa pili. Wauguzi wale wale, vitanda vile vile. Huyu aliamini mtu anaweza kuipenda kazi yake akielewa maana yake na akiaminiwa. Alituuliza, 'Ninyi mnaonaje?' Mara ya kwanza tulitazamana kama mabubu. Tulidhani ni mtego. Alirudia kuuliza mpaka tukajibu. Mwaka haukuisha, hakuna aliyepita dripu iliyoisha."

Kitinda alichora mstari mchangani kwa kidole cha mguu.

"Lakini watu hufanya kazi kwa ajili ya tumbo, mama. Tusidanganyane."

"Kweli. Mlipe mtu haki yake, tena kwa wakati, kabla hujamhubiria chochote. Tumbo ndilo linalomleta mtu kazini. Ila tumbo peke yake halimfanyi akimbie mvuani kuanua sufi. Hapo kuna kitu kingine. Mmoja anapenda kazi yake isifiwe. Mwingine anataka tu kuheshimiwa. Mwingine anawapenda wenzake. Wako umewahi kuwauliza?"

"Na mwizi je? Na mtega kazi?"

"Wapo, hata kwangu. Ukikuta mwiba ndani ya sufi, toa mwiba. Usichome gunia." Mkunga Mkuu alivaa kiatu chake. "Na sikusema ufumbe macho. Kuamini watu si kuwaacha kama mbuzi wasio na mchungaji. Sema wazi godoro zuri likoje. Mgeni mfundishe, ukae naye karibu mpaka ajue. Aliyekosea mwambie kosa lake faraghani. Lakini anayejua kazi, mpe kazi pamoja na uamuzi wake. Na anayekuletea habari mbaya, mshukuru kwanza. Hapo ndipo penye ugumu, hata kwangu."

Kitinda akauliza kwa sauti ndogo, "Mama alikuwa analalaje, na watu hawa pande zote?"

"Alikuwa analala kwa sababu wao walikuwa macho," alisema Mkunga Mkuu.

*

Kitinda alirudi ndani. Hakupanda jukwaani. Alisimama sakafuni, na aliposimama hapo aligundua kwamba Fundi Shazia alikuwa mrefu kuliko yeye.

"Nataka kuwauliza jambo," alisema. "Hili godoro. Tulikosea wapi?"

Kasuku alitazama fimbo yake. Fundi Shazia alitafuta uzi ambao ulikuwa mkononi mwake.

"Sitamfokea mtu."

Mama Pacha aliinamia mbegu zake. Kitinda alihisi hasira inapanda, hasira ya zamani ya getini. Ilikuwa rahisi kusema, "Mnaona? Hata ukiwauliza hawana la kusema." Maneno yalifika kwenye ulimi. Akakumbuka: tulidhani ni mtego. Akayameza.

"Basi nianze mimi," alisema. "Mvua ile ilikuwa kosa langu. Niliwafunga miguu, kisha nikawauliza kwa nini hamkukimbia."

Sufi iliendelea kuzunguka hewani. Ilikuwa kama karakana nzima inavuta pumzi.

Mama Pacha alifungua kiganja chake na kukitazama, ingawa hakikuwa na kitu.

"Mimi niliona," alisema. "Niliirusha ikaanguka. Niliificha hapa."

Damu ilimpanda Kitinda kichwani. Wodi nzima! Watoto wachanga! Na huyu alijua! Alishika ukingo wa meza. Akahesabu pumzi zake. Kisha akatoa neno ambalo lilimwia zito kuliko gunia.

"Ahsante."

"Ahsante ya nini tena?" Mama Pacha aliuliza kwa mashaka.

"Kwa kuniambia. Siku ile ungeniambia, ningekujibu vibaya. Ulinijua."

"Ungenila nyama," alisema Mama Pacha.

"Na mifupa ungetupa sisi tujazie godoro," aliongeza Kasuku.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kufanya mzaha tangu lile swali la chafya. Alishtuka mwenyewe, akafunika mdomo. Lakini Fundi Shazia alianza kucheka kifuani, kicheko kikavu cha kizee, na kitambaa chake cha puani kikawa kinapanda na kushuka. Kitinda naye akacheka. Akacheka mpaka machozi yakatoka, na machozi yalipotoka hayakukoma. Hakuwa amelia siku ya mazishi. Fundi Shazia alisimama, akamshika bega.

"Lia, mwanangu. Hata sisi hatukupata nafasi ya kumlilia. Tulikuwa kazini, kimya."

Siku ile hawakushona kitu. Waliketi juu ya magunia wakazungumza. Kitinda aliuliza, na wao, polepole, walijibu. Mama Pacha alikuwa anapoteza nusu ya akili yake kila alasiri akiwaza nani atawapokea mapacha shuleni. Aliomba aanze kazi mapema na kutoka mapema. Fundi Shazia hakuomba chochote kwa ajili yake. Alisema tu kwamba kupekuliwa mlangoni, na mtoto aliyembeba mgongoni, kulimfanya atembee barabarani akiona kila mtu anamwona mwizi. Kasuku alitaka kuongea.

"Nikinyamaza, fimbo inakuwa nzito," alisema. "Wallahi tena, ile fimbo inaendeshwa na mdomo."

"Ongea," alisema Kitinda. "Ila hesabu ya magunia isipungue."

"Itaongezeka, Dada. Samahani, Bosi."

"Dada inatosha."

Kuhusu sufi, wao ndio waliopata dawa. Kasuku alisema maturubai chini hunasa unyevu wa ardhi, afadhali kujenga vichanja vya waya, hewa ipite chini. Fundi Shazia akasema vichanja viwekewe magurudumu, ili mvua ikija visukumwe ndani badala ya kubeba sufi kwa mikono. Mama Pacha alikuwa na jambo jingine, alilokuwa nalo moyoni siku nyingi.

"Kila godoro tuliachie mdomo mdogo pembeni, ufungwe kwa kamba. Mkunga aingize mkono, avute sufi, airushe mwenyewe. Ikianguka, aturudishie."

"Arudishe?" Kitinda alishtuka. "Tumpe mteja njia ya kutukataa?"

"Tukimpa nafasi ya kutupima, atatuamini," alisema Mama Pacha. "Si ndivyo unavyotaka kutufanyia sisi?"

Kitinda akaenda kutafuta waya.

Jukwaa lilivunjwa, na mbao zake zikawa miguu ya vichanja. Upekuzi wa mlangoni ukaisha. Wito wa zamani ukarudi, na mara ya kwanza uliposikika ulikuwa mchungu, kwa sababu kazi ilikuwa imebana.

"Imelala!" aliita Kasuku.

Wote wakamgeukia Kitinda. Alikuwa na sindano mkononi, anajifunza kushona. Aliweka sindano chini.

"Imelala," alisema. "Irudi juani."

Si kila kitu kilinyooka. Kasuku alichelewa siku mbili mfululizo, na Kitinda akamwita pembeni, akamwambia wazi kwamba sufi isipopigwa wenzake hukaa bure. Kasuku hakubisha. Kesho yake alifika wa kwanza, akafagia. Na Kitinda mwenyewe, kila hofu ilipomjia, alitamani kile kiti cha jukwaani. Mazoea yana taabu.

Magodoro ya wodi yalikwenda kabla ya ufunguzi. Mkunga Mkuu alifungua kamba ya la kwanza, akaingiza mkono, akavuta sufi kidogo, akairusha katikati ya wodi tupu. Ilipanda kuelekea dirishani, ikakaa kwenye mwanga, ikakataa kushuka. Mkunga aliitazama mpaka shingo ikamwuma.

"Haya," alisema. "Leteni yaliyobaki."

*

Alasiri moja baada ya hapo, godoro jipya lilikamilika. Fundi Shazia alikata uzi kwa meno, akatazama huku na huku. Mahali pa katikati ya sakafu palikuwa wazi, kama palivyokuwa siku zote zile.

Kitinda alivua viatu.

"Ngoja nipime," alisema.

Alijinyoosha. Hapakuwa na donge. Sufi ilimpokea mgongoni kama maji ya vuguvugu. Alisikia vidole vya Mama Pacha vikichambua. Alisikia shazia ikipenya kitambaa. Alisikia Kasuku akisimulia kisa cha jirani yake na jogoo, sauti ikizidi kushuka. Juu, nyuzi nyeupe zilikuwa zinazunguka, na baina yake na nyuzi hizo mtu fulani aligeuka upande wa pili, akampa nafasi.

Kisha tone likagonga bati.

Alilisikia kutoka mbali. Alitaka kuinuka. Mkono mmoja ulisogea. Lakini nyayo zilikuwa zimeshaanza kukimbia, na magurudumu ya vichanja yalilia juu ya sakafu, kimoja, kingine, kingine. Mtu alinong'ona, "Shika huko! Polepole, polepole!" Mlango wa nyuma ukafungwa. Mvua ikamwagika yote kwa pamoja, nje.

Harufu ya sufi kavu ikajaa karakana.

"Dada amelala?" aliuliza Kasuku kwa sauti ya chini.

"Shh," alisema Fundi Shazia. "Anapima."